MAKAMBAKO: WAKALI WA USUKANI WASIOVAA HELMETI

Leo naomba tuache kidogo habari za disko, mitindo ya nywele na nani kamwacha nani. Leo tunapanda basi. Hii ni ya kwako wewe ambaye gari likipita unalijua kwa mlio kabla hujaliona, wewe uliyebandika picha ya Subaru ya bluu ukutani mpaka mama akauliza kama huyo ndiye mchumba.

Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa mbio za magari, tena ugonjwa usio na dawa. Kijiweni kwetu ukinitajia Colin McRae nitakutajia miaka yote mitatu aliyoshinda Safari Rally: 1997, 1999 na 2002. Ukinitajia Shekhar Mehta, yule bingwa mzaliwa wa Uganda, nitakuhesabia mara tano, kuanzia 1973 alipolingana pointi na Harry Källström mpaka ikabidi itafutwe njia ya kuwatenganisha. Lakini mapenzi ya mbali yanachosha, jamani. Mtu unataka siku moja ukae karibu na dereva mwenyewe, umwone mikono yake, umuulize anafanyaje.

Ndipo mjomba wangu mmoja, ambaye aliwahi kuendesha malori enzi zake, akanicheka. Akasema, "Wewe mtoto unahangaika na watu wa kwenye televisheni. Nenda Makambako, kaa pale njia panda kutwa nzima, halafu urudi uniambie nani anajua gari." Nikachukua jaketi, nikachukua nauli, nikaenda.

KWANZA HISTORIA KIDOGO

Vijana wengi wanadhani Safari Rally ni mali ya Kenya tangu kuumbwa kwa dunia. Siyo kweli. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na kuna kitu watoto wa Bongo hawaambiwi: mwaka 1966 na tena 1967 mshindi alikuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania, Mskochi aitwaye Bert Shankland, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Walikuwa na gari gani? Peugeot 404. Gari la familia! Lile lile ambalo wazee wetu walilipanda kama teksi.

Tena enzi hizo ukimaliza tu ulikuwa shujaa. Mwaka 1963, na tena 1968, yalifika mwisho magari saba tu. Saba! Mengine yote yalibaki kwenye tope, mitoni na kwenye makorongo. Aliyeshinda miaka yote hiyo miwili ni Nick Nowicki, naye akiwa na Peugeot 404.

Sasa, wakati Shankland anachukua kombe lake la kwanza, barabara ya kwenda kusini ilikuwa na mbio nyingine ambazo hazikuwa na kombe wala bendera. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya mafuta imezibwa. Ikabidi mafuta yatoke Dar es Salaam kwa malori, yakiwa kwenye mapipa, yapite Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya mpaka Tunduma, na kurudi yakibeba shaba. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na uji wa tope masika. Wazungu waliipa jina la Hell Run, yaani mbio za jehanamu, na hawakutia chumvi. Malori yalipinduka, yalizama, yalitumbukia mabondeni.

Baadaye mambo yakapoa. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, halafu reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikafuata katikati ya miaka hiyo. Reli hiyo inapanda milima kutoka Mlimba, inapita kwenye mahandaki na madaraja marefu, inakuja kukutana na barabara kuu wapi? Makambako. Ndiyo maana mjomba alinituma huko. Ule mji ni kama kituo cha mbio ambazo hazijawahi kusimama.

ASUBUHI YA MAKAMBAKO

Nilishuka alfajiri. We acha tu! Upepo wa Makambako haubishi hodi, unaingia kwenye mfuko wa suruali unakuta senti zako unazigandisha. Watoto wa Dar tuliozoea singlendi tuna kazi. Nilikimbilia kibanda cha mama lishe mmoja, nikajipachika karibu na jiko kama paka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umetoka joto wewe, naona unatetemeka."

Akanipa chai ya tangawizi na chapati mbili. Abiria wawili wakaingia, wakasalimia "Kamwene!", naye akawajibu "Kamwene!" Nikaijua salamu ya huku. Ukiitoa hiyo, msomaji, hata bei ya viazi inalegea.

Kulipokucha nikaona kile nilichofuata. Msururu wa malori pembeni mwa barabara, semi baada ya semi, yenye namba za Tanzania na za Zambia. Mengine yanateremka na shaba kwenda bandarini, mengine yanapanda na mafuta, saruji na mbolea. Injini zinanguruma taratibu, mautingo wamejifunga vitenge vichwani wanagonga matairi kwa vyuma kusikiliza kama yana upepo. Harufu ya dizeli na mpira wa moto. Mimi nilijisikia kama niko eneo la matengenezo la Safari Rally kule Naivasha, ambako mashindano yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021.

KUMBE NI RALI ILE ILE

Nilimkuta dereva mmoja, umri kama miaka 40, anakunywa uji amekaa kwenye ngazi ya lori lake. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mpenzi wa mbio za magari na nimekuja kuwaona madereva. Akacheka mpaka uji ukamwagika.

"Dogo, sisi mbio tutakimbia na nini? Hii kitu na mzigo wake ni tani 56."

"Ndiyo maana nimekuja, braza. Wale wa kwenye rali gari lao ni tani moja na kidogo tu."

Akaniangalia kidogo, akaona siyo mzaha, akasogea nikakaa. Tukapiga stori kama saa nzima, na kila alichosema mimi nilikuwa nakitafsiri kichwani kwa lugha ya rali.

Kwenye rali dereva ana msoma ramani, ambaye anamsomea kona inayokuja kabla hajaiona. Huyu ana utingo. Utingo anakaa kushoto, anachungulia kioo cha upande wake, anamwambia nafasi ipo au haipo, anamzungumzisha usiku asilale. Gari likiharibika, huyo huyo ndiye fundi: anashuka na jeki, anatia gogo nyuma ya gurudumu, anakata matawi ya miti na kuyatandika barabarani ili wanaokuja wajue kuna gari limesimama.

Kwenye rali wanapita njia kabla ya mashindano, wanaandika kona moja baada ya nyingine kwenye daftari. Huyu daftari lake ni kichwa. Alianza kunitajia barabara kutoka Dar mpaka Tunduma bila kupumua: wapi lami ina bonde, wapi watoto wanavuka kwenda shule, wapi ukungu unakaa mpaka saa nne, kona ipi ya Kitonga inayokudanganya ukadhani imekwisha kumbe bado.

Kwenye rali kuna vituo vya kugongewa muda. Huyu ana mizani. Mizani ya Makambako haina cha kujuana, ukizidisha uzito unalipa. Na taa za ishara ndiyo redio yao: lori lililo mbele yako likiwasha taa ya kushoto mwenye lori anakwambia pita, likiwasha ya kulia anakwambia tulia hapo hapo, kuna kitu kinakuja.

Nikamuuliza swali lililonitoa nyumbani. "Braza, ujuzi wenyewe ni nini? Dereva mkali unamjuaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mteremkoni. Kupanda kila mtu anapanda, injini ndiyo inayofanya kazi. Dereva utamjua anapoteremka."

Akanieleza. Lori la tani 56 likianza kuteremka linataka kukimbia lenyewe. Ukilizuia kwa pedali peke yake, breki zinapata moto, zikishapata moto zinakuwa kama sabuni, unakanyaga na hazishiki. Kwa hiyo mlima unateremka kwa gia nzito, ile ile ambayo ungepandia, injini ndiyo ikushikie gari, na breki unaigusa kidogo kidogo. Tena hiyo gia unaiingiza kule juu kabisa, kabla ya mteremko, kwa sababu ukishaanza kuserereka haikubali tena kuingia. Wapo wanaoitoa gia kabisa na kuliachia gari liende lenyewe ili kuokoa mafuta, "fri" kama wanavyoiita.

"Hao mnawaitaje?" nikauliza.

"Marehemu," akajibu, akamalizia uji wake.

Dakika kumi baadaye akawasha, utingo akarukia ndani, lori likaondoka polepole kama meli. Hakupiga hata honi ya kujionesha.

KUELEKEA NJOMBE

Mama lishe ndiye aliyeniambia kwamba kuna mzee Njombe aliyewahi kufanya kazi kwenye malori ya mapipa. Ni kama kilomita 60 tu, nikadandia Hiace.

Msomaji, kama hujawahi kwenda Njombe unajinyima. Barabara ile inayokwenda mpaka Songea ilitiwa lami miaka ya 1980, na inakata kona kwenye vilima vya kijani kama vile mtu ameichora akiwa na furaha. Unapita misitu ya misonobari, unapita miwati, ile miti ambayo magome yake hutolewa dawa ya kulainishia ngozi. Kampuni ya miwati ilianzishwa hapa mwaka 1949. Ukikaribia mjini unaona chai ya Kibena imekatwa sawasawa utafikiri imepitiwa na kinyozi. Pembeni wanauza viazi, parachichi, mbao. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tangu 2012 ni makao makuu ya mkoa wake wenyewe, baada ya kumegwa kutoka Iringa. Pale pale mjini kuna maporomoko ya Luhuji, maji yanamwagika kama shela la bibi harusi, na vijana wanapigana picha mchana kutwa.

Baridi? Usipime. Juni na Julai hata mbuzi angevaa koti kama angekuwa na hela.

MZEE WA MAPIPA

Mzee nilimkuta barazani kwake, koti zito, kofia ya sufu, redio ndogo sikioni. Jina lake nitalihifadhi, maana aliniambia hataki makuu. Mwaka 1966 alikuwa kijana wa miaka 17, utingo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa juani hapo, utaganda."

Nikamweleza habari za rali na Safari. Alikuwa anazijua! Alisema wakati ule magari ya mashindano yakitajwa redioni, madereva wa malori walikuwa wanabishana kwamba wao wakipewa Peugeot hiyo, wangeshinda kwa mkono mmoja.

Halafu akanisimulia ya kwao. Lori linapakiwa mapipa Dar, wanafunga minyororo kwenye matairi ikinyesha, wanalala chini ya lori, wanapika kando ya njia. Mkikuta tope mnashuka, mnachimba kwa koleo, mnakata miti na kuitandika, mnavuka, halafu mnamsubiri na wa nyuma yenu mumsaidie, kwa sababu kesho ni zamu yenu. Safari ya siku chache inakuwa majuma.

"Mzee, katika wote hao nani alikuwa na mbio zaidi?"

Akazima redio.

"Mwanangu, walikuwepo. Kulikuwa na kijana mmoja tulimwogopa. Anatupita, anatupigia honi, anatuita bibi harusi. Alikuwa na mkono kweli, siwezi kumnyima. Tukamkuta asubuhi bondeni, mapipa yametawanyika mpaka mtoni. Dereva wangu alivua kofia, akasema, huyu alikuwa hodari kuliko mimi. Halafu akasema, twende, kuna watu Zambia wanasubiri mafuta."

Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Ukutani kwake ndani niliona picha ya huyo dereva wake, amesimama mbele ya lori, mwembamba, amechoka, anacheka. Mzee alisema aliendesha njia ile miaka mingi, akastaafu, akafa kwa uzee kitandani kwake. Alivyolitamka neno "kitandani" ilikuwa kama anataja medali.

YALIYONIPATA JIONI

Kurudi Makambako nilipanda Hiace nyingine. Sitaitaja. Ukungu ulikuwa umeshashuka, ule wa kuficha hata miti ya kando ya barabara. Dereva kijana, miwani ya jua jioni, muziki juu. Nyuma walikaa vijana watatu wa rika langu, na kila akikata kona wanapiga kelele, "Kanyaga mwana! Kanyaga! Huyo Schumacher!" Naye anakanyaga.

Tukafika nyuma ya lori lililokuwa linapanda mlima taratibu. Dereva wetu akatoa pua nje kutaka kuovateki. Papo hapo lori likawasha taa ya kulia. Mimi, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimepewa darasa, nikapiga kelele, "Rudi! Anakwambia rudi!" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni naye akapiga yowe. Dereva akarudisha usukani, na kabla hajanyoosha vizuri likatokea lori la mbao ndani ya ukungu, taa mbili kama macho ya simba, likapita na upepo wake ukatikisa vioo vyote.

Muziki ulizimwa, sijui na nani. Hakuna aliyemwita mtu Schumacher tena. Mlima ulipoisha, lori la mbele likawasha taa ya kushoto. Pita. Tukapita. Nilijitahidi kumwona dereva wake, nikaona mkono tu umepumzika dirishani.

Hapo ndipo nilipoelewa alichonituma mjomba. Kwenye rali barabara inafungwa. Kuna walinzi kila kona, gari la wagonjwa linasubiri, dereva amevaa helmeti na kufungwa mikanda, amezungukwa na vyuma, na aliyemo humo amechagua mwenyewe kuwemo. Yule mama mwenye mtoto mgongoni hakuchagua mashindano. Alilipa nauli ya kwenda Makambako. Sheria inasema basi na lori mwisho kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi ya watu, lakini sheria haikai kiti cha nyuma. Tunaokaa pale ni sisi. Mwenye kupiga makofi ni sisi, na mwenye uwezo wa kusema "dereva, punguza" ni sisi pia.

UKITAKA KWENDA

Kutoka Dar panda basi lolote la Mbeya au Njombe, Makambako utapita tu. Ukifika, kaa karibu na njia panda, kunywa chai, tafuta dereva aliyepumzika. Usimsumbue aliye chini ya lori, na usimsemeshe anayesinzia, usingizi wake ni uhai wa watu wengine. Mnunulie chai, muulize kuhusu milima. Wanapenda kuulizwa, maana hakuna anayewauliza. Beba jaketi zito, siyo lile la kuzugia. Njombe pita Luhuji, nunua parachichi, na salamu ni "Kamwene".

Mapenzi yangu kwa mbio hayajapungua hata punje, na Safari Rally ijayo nitaifuatilia kuanzia kona ya kwanza. Ila ukinikuta kwenye Hiace nimekaa nyuma ya dereva nikimwambia "taratibu, kaka", usinicheke. Kaa pembeni yangu tumwambie wawili.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.